Kwa nini makanisa yetu yana namba? Serikali, dini na karatasi ya kibali nchini Kongo

Ukipita katika mitaa ya Goma, Bukavu, Uvira au Butembo, utaona juu ya milango ya makanisa mengi ya Kiprotestanti maandishi ya namna hii: 3e CBCA, 5e CELPA, 8e CEPAC. Watu wamezoea. Wanaitaja namba kabla ya jina, na kuna watoto wanaodhani namba hiyo imetoka katika Biblia. Haikutoka huko. Ni alama iliyoachwa na sheria ya Mobutu ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1971, iliyosema dini gani inaruhusiwa kuishi katika nchi na dini gani hairuhusiwi. Mobutu aliondoka mwaka 1997, sheria mpya ilitoka mwaka 2001, lakini namba ingali juu ya mlango.

Tunaanza na namba hiyo kwa sababu katika vikao vya kamati za amani swali moja hurudi mara nyingi: nani ana haki ya kufungua kanisa au msikiti, na nani ana haki ya kuufunga? Mchungaji anasema ni Mungu. Mkubwa wa komini anasema ni yeye. Wafuasi, wakichoka kusikiliza, wanajibu kwa mawe. Katika makala hii tunaeleza sheria inasema nini, ilitoka wapi, na kwa nini karatasi ya kibali imekuwa chanzo cha ugomvi kati ya watu wanaomwomba Mungu mmoja.

Tangu wakati wa Wabelgiji

Mwaka 1906 mfalme Leopold wa Pili, aliyekuwa akitawala Kongo kama mali yake mwenyewe, alifanya mapatano na Vatikani. Kila misioni ya Kikatoliki iliahidiwa hekta 100 hadi 200 za ardhi, na misioni kwa upande wake iwafundishe watoto. Hivyo misioni na utawala wakatembea pamoja. Ubelgiji ilipochukua koloni mwaka 1908, sheria iliandikwa kwamba kazi zote za dini zitalindwa bila ubaguzi. Lakini fedha za shule zilienda kwa misioni zilizoitwa za kitaifa, maana yake za Wabelgiji, na hizo karibu zote zilikuwa za Wakatoliki. Waprotestanti, ambao wamisionari wao walitoka Uingereza, Marekani, Sweden au Norway, walingoja hadi baada ya Vita Kuu vya Pili ili serikali isaidie shule zao. Waislamu wa Maniema walitazamwa kwa wasiwasi muda wote.

Lakini jambo lililoumiza zaidi lilikuwa hali ya wale wasiokuwa na mzungu wa kuwasemea. Mwaka 1921, huko Nkamba katika Bas-Congo, Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Watu waliacha mashamba na kazi za wazungu wakamfuata. Mwezi wa tisa mwaka huohuo alikamatwa, na mwezi wa kumi mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo. Mfalme Albert alibadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alikaa gerezani Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, miaka 30, akafia humo mwezi wa kumi 1951. Wafuasi wake wengi walihamishwa kwa nguvu na kupelekwa mikoa ya mbali. Utawala ulifikiri unaizima imani hiyo, kumbe unaisambaza bure nchi nzima, na kwa nauli ya serikali. Kanisa lao lilitambuliwa mwezi wa kumi na mbili 1959, nusu mwaka kabla ya uhuru.

Kwetu upande wa mashariki kuna historia inayotajwa kidogo zaidi, ya Kitawala. Mafundisho hayo yalitoka kwa watu wa Watch Tower, yakapita Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya sasa, yakaingia Katanga katika miaka ya 1920, kisha yakapanda hadi Kivu. Yalisema kwamba watu wote ni sawa na kwamba ufalme wa wazungu utaisha. Utawala uliyapiga marufuku. Mwaka 1944, wakati wa kazi za kulazimishwa za vita, wafuasi wa Kitawala wakiongozwa na Bushiri waliasi kati ya Masisi na Lubutu, na uasi huo ukazimwa kwa damu. Wazee wa Masisi na Walikale waliwasimulia watoto wao habari hizo. Hatusemi kwamba marufuku peke yake ilileta uasi. Kazi za lazima na viboko vilitosha. Lakini dini iliyokatazwa ilikuwa imekwisha kwenda kuishi porini, na huko porini hakuna wa kuzungumza naye.

Mobutu na dini tatu

Uhuru ulipokuja, wengi walidhani mambo hayo yamepita. Sheria ya 1971 iliyarudisha kwa sura nyingine. Ilitambua makanisa matatu: Katoliki, Kanisa la Kristo katika Zaïre (ECZ) kwa Waprotestanti wote, na Kimbangu. Baadaye kidogo waliongezwa Waorthodoksi, Waislamu na Wayahudi. Aliyetaka kuanzisha kanisa nje ya orodha hiyo alitakiwa, pamoja na masharti mengine, kuweka benki zaire 100,000. Wakati huo zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Hakuna mhubiri wa kijijini aliyeweza kuota kiasi hicho.

Waprotestanti ndio waliobadilika zaidi. Misioni za Wabatisti, Wamethodisti, Wapentekote na nyinginezo, zilizokuwa zimejitegemea kila moja, sasa zililazimika kukaa ndani ya ECZ zikiwa jumuiya, yaani komunote, na kila komunote ilipata namba yake. Ndiyo hiyo namba ya juu ya mlango. Aliyekuwa na namba aliweza kusali, kuwa na shule, kufungua akaunti. Asiyekuwa nayo alitafuta mwenye namba wa kumficha chini ya mwavuli wake, na vikundi vingi vilifanya hivyo bila kupendana. Migawanyiko mingi tunayoiona leo katika jumuiya kubwa ilianza pale, kwa ndoa ya lazima. Na ajabu ni kwamba Wakimbangu, walioteswa kwa kukosa kibali, sasa walikuwa ndani ya nyumba, na vikundi vingine vilivyomfuata nabii huyohuyo vikabaki nje, vimekatazwa.

Waliotambuliwa nao hawakupata usingizi. Mobutu alipokataza majina ya ubatizo na kutaka vijana wa chama chake wawe na kamati hata ndani ya seminari, Kadinali Malula wa Kinshasa alikataa, na mwanzoni mwa 1972 alilazimika kwenda kuishi Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko, na shule za makanisa zikachukuliwa na serikali. Baada ya muda mfupi serikali iliona haiwezi kuziendesha. Tarehe 26 mwezi wa pili 1977 ikasaini mapatano ya kuzirudisha mikononi mwa makanisa: serikali inabaki na programu na mishahara, kanisa linasimamia. Kwa hiyo leo tunasema shule ya konvansyone ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti, ya Kimbangu au ya Kiislamu. Mzazi anayeuliza kwa nini mwalimu wa serikali anateuliwa na mratibu wa kanisa, jibu lake liko katika mapatano hayo.

Mwaka 1986 ilikuwa zamu ya Mashahidi wa Yehova kukatazwa, kwa sababu hawakuimba nyimbo za chama wala kusalimu bendera. Katazo hilo lilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 1993. Tunalitaja kwa sababu ni mfano adimu wa jaji wa Kongo kuiambia serikali kwamba imekosea katika mambo ya dini.

Sheria ya 2001 inasema nini?

Sheria inayotumika kwa sasa ni sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001, inayohusu vyama visivyotafuta faida. Ilipotoka, sehemu yetu kubwa ya mashariki ilikuwa chini ya RCD na vikundi vingine, kwa hiyo hapa kwetu ilianza kujulikana baada ya serikali ya mpito ya 2003. Pengine ndiyo sababu hadi leo wakubwa wengi wa mitaa wanaongea kana kwamba sheria ya Mobutu ingali hai.

Tofauti ni kubwa. Sheria ya 2001 haina orodha ya dini nzuri na dini mbaya. Kanisa, msikiti au kikundi cha maombi kinachukuliwa kama chama: kiwe na wanachama wasiopungua saba, kiwe na kanuni zilizoandikwa, na kiombe hadhi ya kisheria kwa Waziri wa Sheria. Faili likipokelewa, unapewa karatasi yenye namba inayoanza na F.92. Wengi wanaijua karatasi hiyo. Wengine wameiandika hata kwenye kibao cha kanisa. Kisha inafuata ruhusa ya muda, na ruhusa hiyo ina miezi sita. Hapa tunaomba msomaji asome polepole: miezi sita ikipita bila waziri kukataa, sheria inahesabu kwamba hadhi imetolewa, na waziri anapaswa kuithibitisha kwa maandishi. Kunyamaza kwa serikali kunahesabiwa kuwa ndiyo.

Hiyo ni sheria. Kazi yenyewe ni jambo jingine. Ripoti za kila mwaka za serikali ya Marekani juu ya uhuru wa dini zimeeleza kwamba tangu 2014 Wizara ya Sheria ilikaa miaka mingi bila kutoa kibali cha mwisho hata kimoja kwa vikundi vya dini. Zilitaja maombi zaidi ya 2,000 yanayongoja, na vyama zaidi ya 3,500 vinavyofanya kazi bila karatasi ya mwisho. Kwa maneno mengine, wengi wa wachungaji wanaoambiwa kwamba hawana kibali ni watu walioomba na hawakujibiwa. Na sheria hiyohiyo inataja kifungo cha hadi miaka miwili kwa wanaopokea sadaka na zawadi kwa jina la kanisa lisiloandikishwa. Unganisha mambo hayo mawili na utaelewa kwa nini afisa fulani anaweza kuja Jumamosi jioni, kuuliza karatasi, na kurudi nyumbani na bahasha. Hatuoni kosa kubwa zaidi katika mpango mzima kuliko hilo: mtu anatishwa kwa kukosa kitu ambacho serikali yenyewe imekikalia.

Juu ya sheria iko Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006. Kifungu cha kwanza kinasema Kongo ni nchi isiyofuata dini yoyote. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, peke yake au pamoja na wengine, mradi aheshimu sheria, utulivu wa watu, adabu njema na haki za wengine. Na kifungu cha 61 kinataja haki zisizoguswa hata nchi ikiwa katika hali ya hatari au ya kuzingirwa. Uhuru wa dini ni mojawapo. Mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipowekwa chini ya magavana wa kijeshi, mikutano mingi ilizuiwa. Lakini haki ya kusali haikuondolewa, na wala isingeweza kuondolewa.

Mwakilishi wa kisheria

Ugomvi tunaoukuta mara nyingi zaidi si kati ya serikali na kanisa. Ni kati ya pande mbili za kanisa moja, na serikali imekaa katikati na muhuri wake.

Sheria inalijua kanisa kupitia jina la mtu mmoja, mwakilishi wa kisheria. Huyo ndiye anayesaini benki, anayepeleka majina ya walimu, anayeshika hati za viwanja na hospitali. Misaada ya mashirika ya kimataifa, letu likiwemo, hupita katika saini hiyohiyo. Sasa fikirini jumuiya yenye parokia mia kadhaa, shule, vituo vya afya na labda chuo. Mwakilishi wa zamani amezeeka au amefariki. Kunakuwa na uchaguzi, na upande mmoja haukubali matokeo. Mara nyingi kabila, teritwari au kilima cha mgombea vinaingia humo, hata kama hakuna anayesema waziwazi. Upande wa kwanza unapanda ndege kwenda Kinshasa na kurudi na karatasi ya waziri. Waziri anabadilishwa, upande wa pili unapanda ndege na kurudi na karatasi nyingine. Kila mmoja ana saini ya kweli na muhuri wa kweli. Jumapili inayofuata polisi wanakuja kufungua mlango kwa ajili ya upande mmoja, akina mama wa upande mwingine wamekaa kizingitini tangu alfajiri, na tunajua mwisho wake.

Katika ugomvi wa namna hiyo hakuna swali la imani. Hakuna anayebishana juu ya ubatizo. Wanabishana juu ya saini. Na mtu wa Kinshasa, ambaye hajawahi kufika Walungu wala Rutshuru, ndiye anayeamua, kwa faili lililo mbele yake na pengine kwa kingine kilichowekwa ndani ya faili. Kwa maoni yetu, mambo haya yangekuwa kazi ya mahakama, ambapo pande zote mbili husikilizwa, na kanuni za kanisa lenyewe zingesomwa kwanza.

Kipi serikali inapaswa kuzuia?

Wengine watatuambia: basi acheni kila mtu afungue kanisa lake, hata katika sebule. Hapana. Kuna mambo ambayo serikali ikiyaachia inakosa kazi yake. Makelele ya vikuza sauti usiku kucha katika kartie yenye wagonjwa na wanafunzi ni kosa, iwe ni kwaya, iwe ni mahubiri. Kuwafungia wagonjwa na kuwanyima dawa kwa jina la maombi ni kosa. Na lipo lililo baya kuliko yote, la kumtaja mtoto kuwa mchawi. Tumeona watoto waliofukuzwa nyumbani, wengine yatima, baada ya nabii mmoja kuwanyooshea kidole mbele ya watu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inayolinda watoto, inasema katika kifungu cha 160 kwamba anayemshtaki mtoto kwa uchawi atafungwa mwaka mmoja hadi mitatu na kulipa faini. Sheria hiyo haiulizi kama nabii ana karatasi ya F.92 au hana. Inauliza alilofanya.

Hapo ndipo tunapoona njia. Kosa lina jina, lina kifungu, lina mahakama. Hali ni hiyohiyo kwa padri, mchungaji, imamu au mganga. Lakini mara nyingi hapa kwetu hufanyika kinyume: anayeonea watoto anaachwa kwa sababu ana kibali na marafiki, na kikundi kidogo kinachosali kwa utulivu kinafungwa kwa sababu hakina.

Watu wengine wanasema tufanye kama jirani zetu wa Rwanda. Mwanzoni mwa 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali peke yake, na sheria ya mwaka huohuo ikaweka masharti juu ya majengo, usafi, na shahada ya theolojia kwa wanaoongoza. Mwaka 2024 maelfu mengine yakafungwa. Ni kweli kwamba majengo yasiyo na choo wala milango ya kutosha ni hatari kwa watu. Lakini sharti la shahada lingekuwa na maana gani katika Shabunda au Fizi, ambako mchungaji ni mkulima, anasoma Biblia jioni, na ndiye aliyebaki na watu walipokimbilia porini? Serikali isiyoweza kujibu faili katika miezi sita haiwezi kupima theolojia ya nchi nzima. Itaishia kuuza shahada.

Siku ile ya Goma

Kuna tukio moja ambalo hatuwezi kuliruka. Mwezi wa nane 2023 kikundi cha dini kilichojulikana mjini Goma kwa jina la Wazalendo kiliitisha maandamano dhidi ya MONUSCO, jeshi la Afrika Mashariki na mashirika ya kimataifa. Tuseme wazi kwamba mashirika kama letu yalikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuondoka. Msomaji asichanganye kikundi hicho na vikundi vya silaha vilivyoitwa kwa jina hilohilo. Meya alikataza maandamano. Asubuhi ya tarehe 30, kabla ya watu kutembea, wanajeshi walifika kwenye redio yao na mahali pao pa kusali. Zaidi ya watu 50 waliuawa. Mwezi wa kumi mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo kanali mmoja, na askari wengine wakafungwa. Wafuasi wengi wa kikundi nao walihukumiwa.

Mengi yalisemwa baadaye juu ya imani za kikundi hicho, kwamba ni za ajabu, kwamba zinachanganya hili na lile. Hayo hayana uzito hapa. Katazo la maandamano lilihusu barabara. Risasi zilipigwa kwa watu waliokuwa kwao. Siku nyingi kabla ya tarehe 30 palikuwa na nafasi ya mtu kwenda kuzungumza nao, kwa mfano viongozi wa dini nyingine za mjini. Lakini katika nchi yetu kikundi kidogo kisicho ndani ya dini kubwa hakina mtu wa kukaa nacho mezani. Hakina namba.

Meza ya wakubwa

Dini kubwa zina meza, tena meza kubwa. Sheria ya tume ya uchaguzi, CENI, imewapa viongozi wa madhehebu kazi ya kuchagua mtu wa kuiongoza. Madhehebu yanayokaa hapo ni manane: Katoliki, ECC ya Waprotestanti, Kimbangu, Waislamu, Waorthodoksi, Jeshi la Wokovu, makanisa ya uamsho na makanisa ya kujitegemea. Padri Malumalu aliongoza uchaguzi wa 2006, mchungaji Ngoy Mulunda ule wa 2011. Mwaka 2015 madhehebu yalimpitisha Corneille Nangaa, huyohuyo aliyeanzisha AFC mwishoni mwa 2023. Mwaka 2021 meza hiyo ilipasuka: sita walimtaka Denis Kadima, Wakatoliki na ECC wakamkataa, na Kadima akapita. Katika siku hizo makazi ya Kadinali Ambongo yalirushiwa mawe.

Tunaona kwamba kutambuliwa na serikali si kwa ajili ya kusali tu. Ni ufunguo wa viti. Na aliyeketi kwenye kiti anajifunza kuchagua maneno yake. Hata hivyo wengine hawakukubali kunyamaza. Watu wa Bukavu wanamkumbuka Askofu Mkuu Kataliko: mwezi wa pili 2000 RCD ilimzuia kurudi katika jimbo lake kwa sababu ya barua yake ya Noeli, ikamrudisha kwao Butembo, na alikaa huko hadi mwezi wa tisa. Alifariki Roma mwezi uliofuata. Mapatano ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2016 kati ya serikali na wapinzani yalipatikana kwa usimamizi wa maaskofu, na mwaka mmoja baadaye Wakatoliki walioandamana kudai yatimizwe walipigwa risasi Kinshasa. Mwezi wa nne 2024 mwendesha mashtaka mkuu aliamuru uchunguzi juu ya maneno ya Kadinali Ambongo kuhusu vita vya mashariki. Na M23 ilipoteka Goma mwezi wa kwanza 2025, ni ujumbe wa maaskofu na ECC uliofika huko mwezi wa pili kuzungumza na Nangaa, baada ya kuonana na Rais Tshisekedi. Kinshasa kuna waliowaita wasaliti kwa safari hiyo. Lakini ni nani mwingine angeweza kuvuka mstari wa mbele akiwa amevaa kanzu tu?

Kwa makanisa madogo yaliyobaki katika miji iliyotekwa, swali la zamani lilirudi, lile la wakati wa RCD: karatasi ya mkubwa wa hapa ina thamani gani Kinshasa, na ya Kinshasa ina thamani gani hapa? Tulichowaambia waliotuuliza ni kutunza kila kitu kilichopigwa muhuri, nakala mbili, na moja ikae nje ya mji.

Na kwa kamati za makanisa zinazoandika au kurekebisha kanuni zao, kuna vifungu ambavyo vimekosekana katika karibu kila ugomvi tuliousikiliza: mwakilishi wa kisheria anakaa miaka mingapi, nani anashika saini siku akifariki, uchaguzi ukipingwa ni nani anayesikiliza malalamiko na katika siku ngapi, na mali inakaa mikononi mwa nani wakati huo. Viandikwe vyote kabla ya mzee kuugua. Kanuni hizo zisomwe mbele ya waamini kwa lugha wanayoielewa, kwa maana nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa, zimepelekwa Kinshasa ndani ya faili, na parokiani haikubaki hata nakala moja.